Nguo za Saywa na Ovaroli ya Baba

Majirani zangu, nanyi mlio mbali mtakaoisikia habari hii kwa vinywa vya wengine, nawaombeni msiidharau kwa sababu inahusu kufua nguo. Najua wapo ambao wakisikia tu neno kufua huinuka wakajikung'uta vumbi na kwenda zao, wakidhani hayo ni mazungumzo ya wanawake na mapovu. Kaeni. Katika habari hii kuna mtoto ambaye nusura atutoke.

Mimi ni Zoila, mjane, mfuga simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, na ukuta wangu umegusana na ukuta wa Fausto Imbago. Kikipikwa kitu kwake nakijua kwa harufu, na mtoto akipiga chafya mimi ndiye nimwombeaye afya. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasimuliwa. Mengi niliyaona, na machache niliambiwa na wenyewe.

Mtaa wetu uko juu kidogo ya mji wa Cayambe. Mlima wenye theluji uko mgongoni petu, na chini yetu yametandaa mabanda ya plastiki yanamolimwa mawaridi. Jumamosi jua linapotoka, wanawake tulikuwa tunakutana kwenye karo la pamoja, kila mmoja na jiwe lake la kufulia. Maji ni ya baridi mpaka mifupa inalia, lakini midomo yetu ilikuwa ya moto. Tulicheka, tuliteta, tulipeana mahindi ya kuchemsha na jibini, na nguo zilikuwa zinatakata huku sisi tunastarehe.

Katika sisi sote, Luzmila mke wa Fausto ndiye aliyekuwa na mambo mengi. Hakuwahi kumwaga kapu lake ndani ya maji hivi hivi. Alikaa kwanza akachambua. Mashati meupe ya shule ya binti yake Nayeli aliyaweka peke yake. Nguo za rangi peke yake, na shali jekundu la mama mkwe lilifuliwa likiwa halina mwenzake. Nguo za kitinda mimba wake, Saywa, ambaye wakati huo hata kutambaa alikuwa hajaanza, zilikuwa na beseni lake la bluu lisiloguswa na nguo nyingine. Nguo za kazi za mumewe zilikuja mwisho kabisa, mbali na karo, kwenye ndoo mbovu, naye alizigeuza kwa kijiti.

"Luzmila," tukamtania, "nguo za mumeo zina ukoma?"

"Hazina ukoma, zina dawa," akajibu. "Ile dawa inaua wadudu wasioonekana. Mimi naonekana, je, itanikosa?"

Tukaangua kicheko. Fausto alikuwa mpuliziaji wa dawa katika mabanda ya mawaridi. Alikuwa mwanamume mpole, mchangamfu, asiyelewa, mpenda wanawe. Nyumba yao ilikuwa na amani ya kuonewa wivu.

Basi dada yake Luzmila, aliyekuwa akihamia chumba kidogo kule Quito, akawaletea mashine yake ya kufulia. Ilikuja juu ya gari imefunikwa blanketi kama bibi harusi. Mtaa mzima tulikwenda kuitazama. Mama Transito, mama yake Fausto, alipoliona pipa lile likizunguka lenyewe alipiga makofi, akasema, "Haya, sasa jiwe litabaki na upweke!" Tulifurahi kwa niaba yao. Na mashine yenyewe, nawaambieni, haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuja na msimu. Karibu na sikukuu ya wapendanao, dunia nzima hutaka maua yetu. Mwaka ule Luzmila naye alipata kibarua cha kufunga mashada, akawa anaondoka asubuhi na kurudi jioni miguu imevimba. Saywa akabaki na bibi yake. Kazi ya nyumbani haikupungua hata kidogo, ila mikono iliyoifanya ndiyo ilikuwa imechoka. Hapo ndipo kapu moja likawekwa karibu na mlango, na kila kitu kikaingia humo: soksi, mataulo, nepi, aproni, mashati ya shule, na nguo za kazi za Fausto. Kapu likijaa, linamwagwa lote ndani ya mashine.

Luzmila hakukaa kimya mwanzoni.

"Baba Nayeli, zako basi weka kando. Angalau hizo."

"Mama Nayeli, ndiyo kwanza natoka kazini, unataka nianze kupanga nguo kama muuza mitumba?"

"Mimi pia natoka kazini."

"Ndiyo maana tuna mashine. Mwache mtu wa chuma afanye kazi. Nguo ni nguo, mama."

Alisema kwa tabasamu, tena akamkanda miguu mkewe. Hakuwa mkali. Lakini ndugu zangu, hata uzembe unaosemwa kwa sauti tamu ni uzembe. Luzmila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali maneno ambayo akiwa na nguvu angeyakataa.

Onyo la kwanza lilikuja kwa kicheko. Shali jekundu la Mama Transito lilizungushwa pamoja na mashati ya Nayeli, likachuja rangi. Jumatatu asubuhi tukasikia kilio kimepanda juu kuliko jogoo.

"Siendi shule! Siendi! Yamekuwa pinki!"

"Mbona mazuri tu," Fausto akasema, akijizuia kucheka. "Wenzako wananunuliwa waridi, wewe umelivaa mzima mzima."

"Baba, wataniita ua!"

Na kweli walimwita ua, mpaka mwisho wa mwezi. Mama Transito alichukia kwa ajili ya shali lake lililopauka, Nayeli alinuna, baba akacheka, na kapu moja likabaki palepale mlangoni.

Onyo la pili halikuchekesha. Saywa alianza kutoka vipele shingoni na mapajani, kisha akawa hapati usingizi, anajikuna kwa vingumi vyake vidogo. Mama Transito akasema ni jicho la husuda. Akamfunga uzi mwekundu mkononi, akampitisha yai bichi mwilini kama alivyofundishwa na mama yake, akanitazama mimi kwa pembeni. Mimi! Kwa sababu nilikuwa nimesema mtoto ni mzuri.

"Mama Transito," nikamwambia, "jicho langu moja halioni vizuri, na la pili liko kwenye simbilisi wangu. La kumtupia mjukuu wako nitalitoa wapi?"

Akacheka shingo upande. Lakini hakuna aliyejiuliza mtoto amelalia nini na amevalishwa nini. Hata mimi sikujiuliza.

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia. Pale kazini kuna sheria, na ni sheria nzuri: ovaroli ya kupulizia haitoki getini. Unaivua, unaiacha huko ifuliwe, unaoga, unavaa nguo zako, unakwenda kwenu. Lakini katika msimu ule foleni ya bafu ilikuwa ndefu, na maji ya jioni huku kwetu yanakata kama kisu. Fausto alikuwa ameanza kuiruka foleni. Ijumaa moja mpira wa dawa ukapasuka mikononi mwake, ukamrowesha kuanzia kifuani hadi magotini. Wenzake walimwambia akaoge. Akanawa uso na mikono, akabadili nguo, akaisokomeza ile ovaroli kwenye gunia, kwani aliitaka Jumatatu na hakutaka kuikuta mbichi. Alipofika nyumbani akaitupa ndani ya mashine. Mle ndani zilikuwa zimeshatangulia nguo za Saywa na blanketi lake la manjano.

Asubuhi Luzmila akafungua kifuniko. Aliiona ile ovaroli. Maji ya mtaa yalikuwa karibu kukatika, kazini alikuwa anangojwa, na Saywa analia. Alisimama, mkono juu ya kifuniko. Kisha akaongeza sabuni, akakifunga, akabonyeza.

Nguo zilitoka zinanukia maua. Zilianikwa, zikakauka kwa upepo, zikakunjwa vizuri. Ukizitazama ungesema ni safi.

Jumapili mchana, baada ya supu ya shayiri, nilikuwa nakata majani ya simbilisi nikasikia Mama Transito ananiita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia.

"Zoila! Zoila wee, njoo! Mtoto!"

Nilikuta Saywa mikononi mwake amelegea kama kitambaa kilichoroweka. Mate yalikuwa yanamtoka mfululizo, machozi yanatiririka bila kilio, kifua kinakoroma. Alikuwa ametapika. Jasho limemjaa, na ngozi imekuwa ya baridi.

"Baridi imemwingia!" bibi akasema, akazidi kumviringisha ndani ya lile blanketi la manjano. "Leteni jingine!"

Fausto alikimbia kwa Mzee Rumaldo, mwenye gari la kubebea maziwa. Mzee yule hakuuliza swali, aliteremsha makopo yake barabarani akawasha gari. Luzmila na mama mkwe walipanda mbele na mtoto, mimi na Fausto tukashikilia vyuma nyuma. Njia nzima nilimsikia Mama Transito kupitia dirisha: "Mfunike, mwanangu, mfunike! Upepo huu!" Naye Luzmila akawa anamfunika. Kila walivyompenda ndivyo walivyombana.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana, anaitwa Vinueza. Alimfungua mtoto kope moja, akamulika. Mboni ilikuwa imesinyaa kama ncha ya sindano. Akainamisha pua yake kwenye blanketi, akanusa, akainuka haraka.

"Nani kati yenu anapulizia dawa?"

Fausto akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mvueni mtoto. Nguo zote na blanketi. Sasa hivi!"

"Daktari, atakufa kwa baridi!" Mama Transito akapiga kelele.

"Bibi yangu," daktari akasema, huku mikono yake inafanya kazi, "kinachomuua ni hicho mlichomfunika nacho."

Mama Transito akakaa chini sakafuni. Hapakuwa na kiti karibu, na hakukitafuta.

Walimwosha Saywa kwa sabuni na maji mengi, wakamtundikia dripu, wakamchoma dawa ya kuipinga sumu, wakamwekea hewa puani. Tukaambiwa tusubiri nje. Kwenye benchi mume na mke walikaa bila kugusana. Kisha Luzmila akasema, macho yake yakiwa ukutani:

"Niliiona. Niliiona kwa macho yangu, Baba Nayeli, na nikabonyeza."

"Nyamaza, mke wangu."

"Maji yalikuwa yanakatika..."

"Wewe uliiona mara moja tu," Fausto akasema. "Mimi naijua kila siku. Nimeivaa, nimeivua, nimeibeba mgongoni mpaka ndani. Ulipokuwa unaniambia niziweke kando, nilikuwa nakucheka." Akafunika uso. Yule mwanamume alilia mbele ya watu, na wala hakuna aliyemwambia asilie.

Luzmila alisogea, akamlaza kichwa begani kwake. Nami nikageuza uso, maana hata jirani ana mahali pa kukomea.

Jua lilikuwa bado halijazama tuliposikia sauti kutoka ndani. Kilikuwa kilio, lakini cha namna gani! Kilio cha mtoto mwenye njaa, mwenye hasira, mwenye mapafu. Nesi akatoka anacheka. "Mama yake nani? Njoo unyonyeshe, huyu anataka kutuvunjia hospitali." Mama Transito aliinuka kutoka sakafuni akitaja watakatifu wote anaowajua, na wengine nadhani aliwabuni palepale.

Saywa alibaki hospitalini siku chache, akarudi mzima. Daktari Vinueza aliwaeleza mambo kwa upole. Sumu ya shambani haina haja ya kunywewa ndipo idhuru, hupita kwenye ngozi, na ngozi ya mtoto ni laini. Maji kidogo ya mashine iliyojazwa hayaiondoi, huisambaza tu kwa nguo zote. Lile blanketi halikurudi nyumbani, na ile ovaroli na nguo zilizofuliwa nayo zilitolewa zisirudi tena.

Kuanzia hapo Fausto alikuwa mtu mwingine. Sasa alisimama kwenye foleni ya bafu hata kama ni ya mwisho duniani, akaoga maji yale ya kisu akipiga kelele hadi barabarani. Alipowasimulia wenzake yaliyompata, waliingia pamoja kwa msimamizi, wakaomba mabafu yaongezwe, na yakaongezwa. Nguo za ndani na soksi za kazini, ambazo lazima zije nyumbani, alizifungia mfuko wake, akazifua mwenyewe kila Jumapili, kwenye jiwe la zamani la mkewe alilolisogeza pembeni ya karo, kwa ndoo yake, na glavu mikononi. Maji yake aliyamwaga mbali na mboga na mbali na majani ya simbilisi wangu. Hakumwachia mkewe azifue, wala mama yake. Na mashine? Iliendelea kuzunguka, lakini sasa haikulishwa ovyo. Mama Transito aliketi mlangoni kama askari wa forodha, kapu mbele yake, akichambua na Nayeli. Shali lake jekundu hakuna aliyethubutu kulisogeza karibu na shati jeupe.

Wanaume wa mtaani hawakuacha kumtania. Jumapili ya kwanza Klever, mpuliziaji mwenzake, alipita pale karoni akasimama, akajishika kiuno.

"Ee Fausto! Umewekewa limbwata? Siku hizi unavaa sketi?"

Fausto hakuinua hata kichwa. "Sketi ningeivaa, ndugu yangu. Ila ingebidi niifue peke yake."

Wanawake tuliobakiwa na nguo za Jumamosi tulicheka mpaka sabuni zikatudondoka. Klever akajaribu kucheka pia.

"Lakini kweli, mwanamume mzima unafua, mkeo yuko wapi?"

"Amelala. Msimu mzima ameamka kabla yangu." Kisha akaacha kusugua, akamtazama. "Klever, wako wa mwisho ana umri gani?"

"Miezi sita."

"Analala wapi?"

"Kifuani kwangu. Nikirudi tu ananirukia."

"Ukiwa umevaa nini?"

Klever akalitazama shati lake kifuani. Kisha akaondoka. Jumapili iliyofuata alikuja na ndoo yake, ameificha nyuma ya mguu kana kwamba tusingeiona. Tulimpisha. Sikuwaruhusu wanawake wenzangu wamtanie, ingawa ulimi wangu wenyewe ulikuwa unaniwasha.

Ninachokipenda kuliko vyote nakiona jioni, nikiwa ukutani na majani yangu. Saywa sasa anatambaa, na anajua saa ya baba yake. Fausto akifungua geti, anamjia mbio kwa magoti, anakaa chini mbele yake, ananyanyua mikono yote miwili: nibebe! Na baba, ambaye ameshaoga huko kazini, hambebi bado. Anaweka mikono nyuma ya mgongo, anarudi kinyumenyume hadi kwenye bomba, akisema, "Ngoja, malkia wangu, ngoja, baba anakuja." Mtoto anapiga kelele za hasira, bibi anacheka, Nayeli anamkimbizia sabuni na shati jingine. Akimaliza kunawa na kubadili ndipo anamnyakua, anamrusha juu, na kelele zinageuka kicheko kinachosikika mpaka kwangu. Kila siku Saywa anakasirika, na kila siku baba yake anavumilia kukasirikiwa.

FUNZO

Ndugu zangu, kazi inayodharauliwa ndiyo inayotusimamishia nyumba. Tulidhani kuchambua nguo ni ushamba wa wanawake wenye muda mwingi, kumbe ni ulinzi wa nyumba. Nyeupe ikifuliwa na nyekundu utapoteza shati, na shati hupatikana jingine. Lakini nguo ya sumu, nguo ya mgonjwa, nguo ya gereji au ya machinjioni ikichanganywa na nepi, waweza kupoteza asiyepatikana tena. Harufu nzuri ya sabuni isikudanganye kwamba kitu ni safi.

Nanyi mkumbuke kwamba nyumba ile haikuponzwa na mashine, wala na mwanamke aliyechoka. Iliponzwa na desturi ya kumwachia mtu mmoja mzigo wa wote, kisha kumcheka anapoomba asaidiwe jambo dogo. Mke akisema "ziweke kando," sikia. Mzazi uliyetoka kazini na uchafu wa kazi, uvue kabla ya kukumbatia.

Kesho utakapoliinua kapu la nguo, usilimwage lote. Inama, tazama, tenganisha. Na wewe baba uliyekuwa unataka kuinuka pale mwanzo, asante kwa kukaa. Sasa inuka, kafue zako.